Nyanya za Kufunga Shule

Kila asubuhi nyumbani kwetu huanza kwa foleni. Bafu ni moja, liko nje nyuma ya nyumba, na watu ni watano. Mama hutangulia kwa sababu ni mkunga, na zahanati haimsubiri mtu. Anafuata Baba, kisha kaka yangu, ambaye akishaingia humo hukaa utadhani anajenga. Bibi, mama yake Baba, huoga saa anayotaka mwenyewe na hakuna wa kumwuliza. Mimi ni wa mwisho. Wananiita Kiroboto kwa kuwa situlii, lakini kwenye foleni ya bafu hata kiroboto hana ujanja.

Katika kusubiri huko ndipo nilipoanza kukitazama kile kiwanja kidogo kati ya bafu na ukuta wa jikoni. Kilikuwa na magugu, matofali mawili na ndoo isiyo na kitako, lakini jua lilikipiga tangu asubuhi hadi alasiri. Shuleni tulikuwa tumesoma kilimo cha bustani, na mwalimu alituambia kwamba zipo nyanya za mapema, zinazoiva kabla ya nyingine zote. Nikasema moyoni, hapa patafaa nyanya. Kumbe kaka naye, katika foleni hiyohiyo, alishakiona. Yeye alitaka banda la kuku.

Tuligombana siku tatu. Siku ya nne Baba alichoka kutusikia. Baba ni fundi cherehani na hushonea barazani, kwa hiyo kelele zote za nyumba hii humfikia kwanza. Alikuja na futi kamba shingoni, akakipima kiwanja kwa urefu na kwa upana, kisha akatoa hukumu.

"Kiroboto, unasema nyanya zako ni za mapema. Haya. Shule inafungwa baada ya wiki kumi na nne. Siku hiyo nikikuta hapa nyanya moja nyekundu, moja tu, kiwanja ni chako. Nisipoikuta, kaka yako ajenge banda lake."

"Na asinunue miche iliyokwisha kuota," kaka akadakia. "Aanze na mbegu."

"Aanze na mbegu," Baba akakubali. "Na kuanzia leo sitaki kusikia neno tena."

Nilinunua mbegu kwenye duka la pembejeo la Mama Mbegu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na ulimi ambao haujawahi kumwonea mtu haya. Pakiti ilieleza kwamba miche hukaa kitaluni kama mwezi mmoja, kisha baada ya kupandikizwa nyanya huiva kwa siku hamsini na tano. Hizo ni wiki kumi na mbili. Nilikuwa na wiki mbili za ziada! Nikampelekea kaka ile pakiti, nikamcheka mpaka akanifukuza.

Nilipasua dumu la mafuta ya kupikia kwa urefu, nikalitoboa chini kwa msumari, nikalijaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Nikachora mistari kwa kijiti, nikasia nusu ya mbegu na kuzifunika kwa udongo mwepesi. Dumu nikaliweka nje chini ya dirisha la jikoni.

"Usisahau kumwagilia," Mama aliniambia. "Unajijua."

Ni kweli, huwa nasahau. Mwaka huo peke yake nilikuwa nimeacha shuleni sweta mbili na begi moja. Lakini safari hii nilijiapiza. Kila siku nikirudi shule, kabla hata ya kuvua viatu, nilimwagilia kikombe kimoja, taratibu, kwa kopo lenye matundu. Sikusahau hata siku moja.

Mbegu hazikuota.

Nilisubiri siku kumi. Siku ya kumi na moja nikachokonoa udongo kwa kidole, nikakuta mbegu zimegeuka ute. Nikabadilisha udongo, nikasia nusu iliyobaki. Safari hii baada ya siku nane vilichomoza vichwa sita vya kijani, na nilipoviona nilicheza peke yangu pale uani mpaka Bibi akauliza kama nimeumwa na siafu. Siku nne baadaye miche yote sita ilikuwa imelala chini, imekatika shingoni, myembamba kama uzi. Nililia kwa hasira. Wiki tatu na ushee zilikuwa zimepita, na kiwanja kilikuwa bado magugu, matofali na ndoo.

"Pole," kaka alisema akipita.

"Pole yako kawape kuku wako!" nikamjibu.

Nilijua lazima kuna mwenye kosa, na nilijua kwamba mwenye kosa si mimi. Nilikuwa nimefanya kila kitu kama tulivyofundishwa. Basi nikachukua pakiti tupu, nikaenda mbio hadi dukani kwa Mama Mbegu. Mlikuwa na wateja wanne. Sikusalimia.

"Mbegu zako zimekufa!" nikapaza sauti. "Unawauzia watu mbegu zilizokufa!"

Bwana mmoja aliyekuwa na baiskeli mlangoni alikitazama kipakiti alichoshika, akakirudisha taratibu kwenye rafu, akaondoka. Mama Mbegu alimsindikiza kwa macho, kisha akanitazama mimi juu ya miwani.

"Mchagua jembe si mkulima, mwanangu," alisema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Alichukua pakiti nyingine ya mbegu zilezile, akaikata, akahesabu mbegu kumi juu ya kitambaa kibichi, akakikunja na kukiweka ndani ya sahani, akaifunika. "Rudi baada ya siku sita. Zisipoota, nitasimama pale barabarani niwaambie watu wote kwamba ulisema kweli. Zikiota, wewe utasema nini?"

Nilitoka nikiwa bado nafoka, lakini njiani nilianza kuogopa.

Siku ya sita ilikuwa Ijumaa. Mama Mbegu alikifungua kitambaa bila kusema neno. Mbegu nane kati ya kumi zilikuwa zimetoa vimikia vyeupe. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Hapo ndipo nilipopaswa kuomba radhi, najua, lakini hasira zilinitia ukaidi.

"Basi ni udongo," nikasema.

"Kalete huo udongo."

Nikaenda nyumbani nikachota udongo wa dumu nikautia kwenye mfuko wa karatasi. Kabla sijafika dukani, mfuko ulikuwa umelowa na kupasuka chini, nikaubeba udongo mkononi. Mama Mbegu aliuminya. Maji yalichuruzika katikati ya vidole vyake. Akaunusa, akakunja uso.

"Huu umevunda. Unamwagilia mara ngapi?"

"Mara moja kwa siku. Kikombe kimoja."

"Kikombe kimoja hakifanyi tope hili. Mbegu ya nyanya inataka unyevu, haitaki kuogelea. Maji yakizidi, mbegu inaoza, na mche ukibahatika kuota unakatika shingo." Alijipangusa mikono. "Ama unanidanganya, mwanangu, ama una msaidizi usiyemjua."

Msaidizi! Nilimjua papo hapo. Nani alitaka kiwanja kile? Nani alikuwa na haja mbegu zangu zisiote? Kikulacho ki nguoni mwako. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeuma meno, na mezani nikatangaza kwamba nimesia tena. Ulikuwa uongo, mle dumuni hamkuwa na kitu. Nilitaka tu kumkamata mwizi wangu.

Jumamosi asubuhi, Mama alikuwa ameanika mashuka uani. Niliaga kwamba naenda kwa rafiki yangu, nikazunguka nyuma, nikajibanza katikati ya mashuka mawili.

Wa kwanza kutokea alikuwa Mama, akiwa amevaa sare tayari kwa kazi. Alisimama kando ya dumu, akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, akamimina kiasi, akaenda zake. Nikashangaa kidogo. Hata hivyo, Mama ni Mama, nikamsamehe. Haukupita muda akaja Baba na chupa anayonyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Akanyunyiza dumu lote, kwa makini, kama anayenyoosha suruali ya bwana harusi. Nikaanza kutokwa na jasho. Kisha akatokea kaka. Huyu aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akachota kopo zima kwenye pipa, akamwaga.

Sikungoja amalize. Niliruka, na shuka likaja nami kichwani.

"Nimekukamata! Muuaji! Unaua mbegu zangu upate kiwanja!"

Kaka aliangusha kopo kwa kushtuka. "Naziua? Namwagilia!"

"Kila siku?"

"Kila siku, ukiingia kuoga! Wewe si msahaulifu? Mimi nilitaka nikushinde nyanya zikiwa zimeota. Nikikushinda kwa ukame, utanisimanga mpaka uzeeni."

Baba alikuja mbio, sindano imemning'inia mdomoni. Na kabla hajauliza kuna nini, Bibi akapinda kona ya jikoni, kikombe kimejaa pomoni, anatembea polepole kisimwagike.

"Mnapiga kelele za nini? Mnawatisha watoto," alisema. Akainama juu ya dumu. "Kunyweni, wanangu. Yule mke mwenzangu Kiroboto kichwa chake kimetoboka, atawaua kwa kiu."

"Bibi, acha!" tukapiga kelele mimi na kaka kwa pamoja.

Bibi alishtuka. Baba akaitazama chupa aliyokuwa bado ameishika, akatazama kopo la kaka, akatazama kikombe cha Bibi.

"Mimi nilitia kidogo tu," alisema.

"Na mimi kidogo tu," kaka akasema.

"Kidogo tu, jamani, kikombe," Bibi akasema.

Mama aliporudi mchana alikana kwanza, halafu akakiri kwamba ni yale mabaki ya chupa, kidogo tu. Kila mmoja wao alinificha ili nyanya zikiota nifurahi kwamba ni kwa jasho langu. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kwa hiyo mbegu zangu zilikuwa zikimwagiliwa mara tano kwa siku.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," Bibi alisema, na wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepoteza mwezi mzima kwa sababu ya kupendwa, na sikujua nimkasirikie nani.

"Sasa," Baba alisema, "wewe ulijuaje kwamba ni maji?"

Ilibidi nieleze yote, mpaka lile neno nililolisema dukani. Uso wa Baba ulibadilika.

"Ulilisema mbele ya watu wangapi?"

"Wanne."

"Basi nenda ukamwombe radhi mbele ya watu wanne."

"Baba, niende nimwambie tu kimya kimya."

"Kwani ulimtuhumu kimya kimya?"

Nilikwenda saa ileile. Nilisimama mlangoni pa duka karibu nusu saa nikihesabu wateja wanaoingia na kutoka, na kila walipofika watatu mmoja aliondoka. Walipotimia wanne nikaingia. Safari hii nilisalimia.

"Shikamoo, Mama. Nilisema hapa kwamba unauza mbegu zilizokufa. Si kweli. Mbegu zako ni nzima. Zimekufa kwa maji ya nyumbani kwetu. Naomba unisamehe."

Mama Mbegu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena.

"Marahaba. Nimekusamehe. Lakini yule bwana wa baiskeli hajarudi dukani kwangu mpaka leo, na hilo siwezi kukurekebishia mimi." Kisha akaingiza mkono chini ya meza, akatoa ile sahani. Mbegu nane zilikuwa bado ndani ya kitambaa, mikia imerefuka. "Chukua. Hizi zimeshaota, zimekuokolea siku kadhaa. Usiziguse mkia."

Yule bwana nilimkuta bombani siku mbili baadaye, nikamweleza mwenyewe. Alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kuitikia kwa kichwa. Aibu ya siku ile naikumbuka kuliko ile ya dukani.

Nilibadilisha udongo, nikatoboa dumu matundu mengine ishirini na kuzipanda zile mbegu nane. Saba zikaota na zikasimama. Nyumbani tulikubaliana kwamba anayemwagilia ni mimi peke yangu, na anayetaka kujua kama nimemwagilia aniulize. Sheria hiyo ilimtesa sana Bibi. Kila alipopita karibu na dumu alifunga mikono nyuma.

Lakini kalenda haikunionea huruma. Nilihesabu kwa kidole mara tatu, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: nyanya zangu zingeiva siku kumi na moja baada ya kufunga shule. Siku kumi na moja tu! Nilikwenda kumwomba Mama Mbegu mbolea ya kuziharakisha.

"Sikuuzii," alisema. "Mbolea ikizidi utapata majani ya kufugia mbuzi, nyanya huzioni. Hukutosheka na mafuriko?"

Nikapandikiza miche saba, nikaiegemeza kwenye vijiti, nikaifunga kwa vitambaa vya masalio kutoka cherehani ya Baba. Nikapalilia. Kila maua yalipotoka nilifurahi, kisha nikakumbuka kalenda na kununa. Kaka alianza kukusanya mbao za banda. Hakunicheka, na hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu angenicheka ningepata wa kugombana naye.

Siku ya kufunga shule nilirudi na ripoti yangu mkononi, nikawakuta wote wameshakusanyika kiwanjani. Kulikuwa na nyanya kumi na tisa, nene na ngumu. Zote za kijani. Moja tu, ile kubwa ya mche wa tatu, ilikuwa imeanza kupauka kitakoni.

"Hii hapa nyekundu!" Bibi alipiga kelele.

"Mama, hicho ni kibanio cha nguo," Baba alimwambia.

"Lakini hii kubwa," Mama alisema, ameinamisha kichwa, "ukiitazama kwa upande huu, kuna wekundu fulani."

Baba alipiga goti akaitazama nyanya, kisha akanitazama mimi. Yeye ambaye humrudisha mteja nyumbani akabadilishe uzi kwa sababu haulingani na kitambaa, niliona kabisa kwamba anatafuta namna. "Mh," alisema. "Wekundu ni mwingi. Kuna wekundu na wekundu."

"Mimi naona ni nyekundunyekundu hivi," kaka akasema. Kaka mwenyewe!

Walikuwa wamenizunguka wote wanne, kila mmoja na kidogo tu chake. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Nilikitaka kile kiwanja, nilikuwa nimekipalilia kwa mikono yangu, na nilijua wakiniachia hakuna atakayelalamika. Lakini nilikuwa nimeshawahi kusema kitu kisicho kweli mbele ya watu, na nilijua kazi ya kukirudisha.

"Ni ya kijani," nikasema. "Msinisaidie. Ni ya kijani, Baba. Kaka ameshinda." Halafu nikalia, na sikujali nani ananiona.

Kaka alikuna kichwa.

"Kwa hiyo kiwanja ni changu?" alimwuliza Baba.

"Ni chako."

"Nikitaka niweke kuku, nikitaka niweke mawe?"

"Ni chako, nimesema."

"Basi naweka nyanya," alisema kaka. "Hizi hizi, mpaka ziive zote. Halafu banda nitaliegemeza kule kwenye ukuta wa bafu, nizibe na wavu. Patabaki pa kutosha."

"Kuku watazidonoa," nikasema huku nikijifuta machozi.

"Ndiyo maana nasema wavu! Wewe unaruka kabla mtu hajamaliza."

Baba aliinuka, akatoa futi kamba shingoni, akapima kutoka ukuta wa bafu hadi mche wa kwanza. Akapima tena. Kisha akaanza kucheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Panatosha," alisema. "Banda na nyanya. Palitosha tangu siku ya kwanza, nami nilipima nikawashindanisha badala ya kuwakalisha mzungumze." Akatutazama sote, na Bibi pia. "Basi tusikie wote, wakubwa kwa wadogo. Ukitaka kumsaidia mtu, mwulize kwanza. Ukitaka kumlaumu mtu, mwulize kwanza. Sisi tulimwagilia bila kuuliza, Kiroboto akatukana bila kuuliza, na mbegu zikaoza katikati. Leo mmoja wetu amesema kweli, na kweli hiyo imemgharimu. Huyo hata kama hana kiwanja, mimi nitamwamini hata na cherehani yangu."

Bibi alinivuta akanipangusa uso kwa ncha ya kanga yake, kisha akaniuliza kama leo nimemwagilia.

"Bado," nikasema.

"Basi nenda, mke mwenzangu," alisema. "Sisi tunakutazama tu."